Wigi isiyojulikana kuwa ni wigi? Niulizeni mimi ninayevuka Likoni kila siku

Jumamosi iliyopita tulikuwa na kikao cha harusi ya mpwa wangu kule Mikindani. Nilipokwenda jikoni kuongeza chai, mwanamke mmoja akanifuata, akanitazama kichwani, akaninong'oneza: "Kumbe zimerudi! Hebu nipe namba ya msusi wako." Nikamkazia macho nione kama ananidhihaki. Wapi, alikuwa anamaanisha. Tangu saa tisa tulikuwa tumeketi kiti kwa kiti, na hakujua kwamba kila unywele alioutazama umefungwa kwa sindano kwenye wavu, na kwamba usiku nywele hizo hulala chumbani kwangu juu ya sufuria iliyopinduliwa. Huyo mwanamke nitamrudia, maana tuna hesabu ya zamani.

Usiku huohuo nikakuta ujumbe wa msomaji. Amejifungua miezi minne iliyopita, nywele zinamtoka kwa mafungu akichana, anataka kujua kama wigi za siku hizi kweli zinafanana na nywele za mtu au tunadanganywa na picha za simu. Nimemjibu faraghani, lakini heri niseme mbele ya wote, kwa sababu najua nanyi mnatamani kupita mahali bila mtu kuwageukia mara ya pili.

Zinafanana. Ila ile inayofanana siyo ile unayoiota usiku.

Mimi nilisukwa tangu nina miaka minane, Wundanyi, katikati ya magoti ya mama. Nikilia ananigonga na kitana: vumilia, uzuri haupatikani bure. Nilipopata kazi Shimanzi, katika ofisi ya uwakala wa forodha, nikawa nasukwa rasta kila wiki ya tatu, zinavutwa hadi nyusi zinapanda. Usiku wa kwanza silali ubavu, nameza Panadol. Vipele vyenye usaha vikitokea kwenye panja, msusi wangu anavipaka mafuta na kuendelea. Panja zikaanza kurudi nyuma. Nilipomwonyesha akasema, "Zitaota tu, hebu tuzifunike," akavuta zaidi ili kufika pale ambapo nywele zilikuwa zimebaki. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Aibu ya kichwa aijua msusi, na wangu aliijua miaka minne bila kuniambia acha.

Daktari wa ngozi alinieleza kwa dakika tano. Nywele zikivutwa muda mrefu shina linachoka. Ukiacha mapema zinaota tena. Ukichelewa, pale panafanya kovu, na kovu halioti kitu. Alinishika kidole akanipitisha mwenyewe kwenye panja la kushoto: ngozi nyororo, inang'aa, hata vile vitundu vya vinyweleo havipo. Palikuwa pamekwisha. Upande wa kulia bado kulikuwa na matumaini, akaniandikia minoxidil, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, na kunionya kwamba siku nikiiacha, nilichokipata kitaondoka nacho. Miezi ya kupaka dawa sitaisimulia, haina utamu wowote.

Ndipo nikanunua wigi ya kwanza, shilingi 18,000, kwa kuiona kwenye simu tu. Nywele za singa hadi kiunoni, nyingi kama za bibi arusi wa kwenye sinema, ukingo wa mbele umenyooka kama umepimwa kwa rula. Niliibandika kwa gundi nikapanda nayo Wundanyi Krismasi. Kule kuna baridi, upepo wa mlimani hauna haja na mtu, shangazi zangu wakanisifu. Nikarudi Mombasa nikijiona nimeshinda.

Januari ni kaskazi. Ukivuka asubuhi kutoka Likoni kwenda kisiwani, upepo unakujia usoni, jua la pwani nalo liko pale pale, na jasho limeshaanza tangu kwenye foleni. Katikati ya kivuko nikahisi paji la uso limepata hewa ambayo halikupaswa kuipata. Mtoto aliyebebwa mgongoni mbele yangu, mwenye miaka mitatu hivi, akaninyooshea kidole: "Mamaa, nywele za yule zabanduka!" Mama yake akamfinya mguu. Hakuna aliyecheka. Kijana wa mkokoteni wa madafu aligeuka akatazama maji, kwa heshima, na ile heshima ndiyo iliyoniuma. Nikashika paji la uso kwa kiganja kama askari anayepiga saluti, hadi feri ikatia nanga.

Jumapili yake, mbele ya wageni, wifi yangu akaniambia, "Afadhali ungevaa kofia." Maneno matatu. Ni miaka sita sasa.

Sasa nisikilizeni, maana hili nimelilipia. Nywele za kweli hazina mstari mbele. Zinaanza na malaika, vinywele laini visivyo na mpango, kisha nyembamba, kisha ndipo zinajaa. Wigi mbaya inaanza moja kwa moja na msitu. Wigi nzuri ina wavu mwembamba mbele, nywele zimefungwa moja moja, na vile vifundo vimepaushwa kwa dawa ili visionekane kama punje za pilipili manga kwenye ngozi. Bei ya uzuri huo ni kwamba wavu mwembamba huchanika upesi. Usiuvute kama unang'oa bandeji. Wavu wenyewe upake poda ya rangi ya paji lako la uso, tena dirishani mchana. Taa ya bafuni ni mwongo.

Majina nayo yasikubabaishe. Eti za Brazil, eti za Peru: mara nyingi hayo ni majina ya dukani. Nywele nyingi za watu zinazouzwa duniani hutoka India, nyingine zikiwa zimenyolewa na waumini kwenye mahekalu, na kazi kubwa ya kuzifanya wigi iko China, hasa mji wa Xuchang. Ukilipia "Brazil," umelipia neno. Na zile za plastiki msizidharau kwa siku za haraka, ila mng'ao wake unajulikana toka mbali, na moto haziwezi: mimi nilifunua sufuria ya pilau, mvuke ukanijia, ncha zote za mbele zikajikunja kama nywele za mahindi yaliyochomwa.

Lakini lililonibadilishia maisha halikuwa wavu. Wigi ya pili niliagiza kwa fundi anayetengeneza kwa mkono. Nikamwambia: nipe za kipilipili, ziishie mabegani, kisha punguza. Akapunguza. Nikamwambia punguza tena, hadi njia ya katikati ionyeshe ngozi kidogo. Halafu nikamwomba anitie mvi kama kumi na tano, kwenye panja na juu ya sikio la kulia, pale pale mama yangu alipoanza kuota zake. Fundi alicheka hadi akaweka sindano chini. Watu humwomba aziondoe mvi, si kuzitia. Nina miaka thelathini na tisa, ndugu zangu. Mwanamke wa umri huo mwenye nywele za msichana wa kumi na saba anatazamwa mara mbili. Mwenye mvi kumi na tano haangaliwi na mtu, kwa sababu nani atalipa pesa anunue mvi?

Gundi nimeiacha. Joto la hapa linaiyeyusha, na ikikaza inang'oa hata vile vinywele vichache vilivyosalia, kwa hiyo unaficha upara huku unaulima. Natumia mkanda wa mahameli unaoshika ndani kwa msuguano, na kila usiku navua, kichwa kipumue. Ukilazimika kubandika, jaribu gundi kwanza nyuma ya sikio siku mbili uone kama ngozi inakataa. Dada zangu Waislamu walioniuliza hukumu ya kuunganisha nywele, hilo pelekeni kwa mashekhe, si kwangu. Najua tu gundi haipitishi maji, basi na suala la udhu mtalikuta mlangoni.

Na wewe mama wa miezi minne: nywele zinazotoka baada ya kujifungua kwa wengi hurudi zenyewe ndani ya mwaka. Usikimbilie wigi ya kubandika, na usisuke rasta kuficha. Ila kama upara unaanzia utosini na unapanuka, nenda kwa daktari wa ngozi mapema, kuna ugonjwa wa kuacha kovu unaotupata hasa sisi wanawake weusi, na mafuta ya mbarika hayausimamishi. Nanyi mnaowasuka watoto wa kike hadi macho yanavutika, mkijivunia mistari imenyooka: huyo mtoto analia kwa sababu anaumwa. Legezeni. Nasema kwa ukali kwa sababu mimi sikulegezewa. Tusifichane haya mambo, tuelekezane, mwanamke asimwonee mwenzake haya wala asimcheke.

Aliyenifuata jikoni Mikindani ni wifi yangu. Yule yule wa kofia. Alipoinama kumimina chai, leso ikamteleza, nikaona panja zake zote mbili: nyororo, zinang'aa. Akavuta leso haraka akaniuliza tena ile namba, safari hii kwa sauti ndogo zaidi. Nikamwambia nitamtumia kesho.

Leo ni Alhamisi.