Mpeleke Mwaloni

Dada, umeuliza mwanao wa darasa la pili aanzie wapi kutafuta yanayofanana na yasiyofanana. Usihangaike na picha za simba na twiga. Mpeleke Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, asubuhi, mnunue sato mmoja na kasangara kadogo, muwaweke kwenye sinia moja.

Wote wana magamba, mapezi na mashavu ya kupumulia. Wote pia ni wageni Ziwa Victoria, waliletwa miaka ya 1950, ingawa sisi tunawala kama wa ukoo. Sasa atazame mgongo: pezi la sato ni moja refu, la sangara lina pengo katikati. Halafu mdomo! Sangara anameza samaki wenzake, hata watoto wa sangara wenzake, na anaweza kupita kilo 100. Sato jike mdomo wake ni kitanda: anatunza mayai humo mpaka yaanguliwe, na vifaranga wakitishwa hurudi ndani. Sangara akishataga, basi, hana habari tena. Hapo mtoto mwenyewe atakuuliza yupi anafanana na mama yake.

Kwa kulinganisha watu wa familia, kama nyinyi ni Wasukuma kazi imeshaisha: mapacha huitwa Kulwa na Doto, na anayezaliwa baada yao ni Shija. Tafuta mapacha hapo mtaani, aulize nani anapenda dagaa na nani hataki hata harufu yake. (Kwangu wote wawili hawataki.)