Maswali ya Wasomaji: Kijiti kililipaje deni la mfalme?

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba zamani hazina ya Uingereza iliweka hesabu kwa vijiti vyenye mapengo, na kwamba wafalme walilipia madeni kwa vijiti hivyo hivyo. Kuhesabia naelewa, hata muuza maziwa hukwaruza ukutani. Kulipia ndiko kunakonitatiza. Anayelipwa kijiti atakula nini? – Msomaji, Tanga

JIBU: Kijiti chenyewe kwanza. Kilikuwa cha mti unaopasuka sawasawa, mara nyingi heizeli, na urefu wake ulikuwa kama futuri moja, yaani kutoka ncha ya dole gumba hadi ncha ya kidole cha shahada. Kiasi kilitajwa na ukubwa wa pengo. Pauni 1,000 zilikuwa upana wa kiganja, pauni 100 dole gumba, pauni 20 kidole cha mwisho, na pauni 1 punje ya shayiri iliyokomaa. Shilingi, yaani sehemu ya 20 ya pauni, ilikuwa pengo jembamba zaidi. Peni, sehemu ya 12 ya shilingi, ilikuwa alama ya kisu tu, bila kuondoa mbao.

Karani aliandika kwa wino, kwa Kilatini, jina la mlipaji na fedha ni za nini. Kisha alikata kijiti nusu ya unene karibu na mpini, akakipasua kwa urefu, kila upande ukabaki na sehemu yake ya kila pengo. Kipande kirefu chenye mpini alipewa mlipaji, ndiyo stakabadhi yake. Kifupi kilibaki hazina. Ukiongeza pengo upande wako, mwenzake hana. Ukichonga kipande kipya, nyuzi za mbao hazikubali kukutana.

Sasa malipo. Tangu 1275, chini ya Edward I, kila gunia la sufu lililosafirishwa nje lilitozwa shilingi 6 na peni 8. Gunia rasmi lilikuwa ratili 364, karibu kilo 165. Wafanyabiashara wa kigeni waliongezewa shilingi 3 na peni 4 kuanzia 1303. Fedha hizo zilishikwa na wakusanya ushuru bandarini: London, Hull, Boston, Southampton.

Tuseme muuza mvinyo anamdai mfalme pauni 100, na kasha la hazina ni tupu. Karani anakata kijiti chenye pengo moja la dole gumba, anaandika kwamba wakusanya ushuru wa Hull wameleta pauni 100. Hawajaleta hata peni! Mdai anapewa kipande kirefu, anakwenda nacho Hull, na analipwa huko kutokana na ushuru wa magunia 300 ya wenyeji (magunia matatu ni pauni moja). Mkusanya ushuru hapotezi kitu: siku ya kukaguliwa anatoa kijiti, kinaunganishwa na mwenzake, na pauni 100 zinahesabiwa kuwa zimefika. Kwa kifupi, ilikuwa hundi ya mbao, na hakuna sanduku la fedha lililohatarishwa njiani.

Ubovu ulikuwa huu: hazina haikujua Hull kuna kiasi gani siku ile, ikakata vijiti kupita sufu iliyokuwepo. Vita vikizuia meli, ushuru unakauka. Mkusanya ushuru ndiye aliyeamua nani alipwe kwanza, na mnajua wenyewe hapo mtu mwenye jina kubwa hutangulia. Aliyechoka kusubiri aliuza kijiti chake kwa hasara au alikirudisha hazina. Makarani walikifuta, kisha wakaandika kiasi kile kuwa ni mkopo mpya ambao yule mdai amempa mfalme. Kwa hiyo ukikuta “mkopo” katika vitabu vya hazina vya karne ya 14 na 15, usiharakishe kuamini kwamba kuna fedha iliyoingia.

SWALI: Ushuru huo ulidumu? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Uliliwa na ukubwa wake wenyewe. Katika miaka ya 1340, juu ya ushuru wa zamani, Edward III alitoza kodi ya ziada ya shilingi 40 kwa gunia, kwa ajili ya vita na Ufaransa. Kitambaa kilipotozwa ushuru mwaka 1347, mwenyeji alilipa peni 14 tu kwa jora. Gunia moja hutoa majora manne na kidogo, yaani shilingi 5 hivi. Nani asingefuma? Sufu iliyotoka nje ilizidi magunia 30,000 kwa mwaka katika miaka ya 1350. Miaka mia baadaye haikufika 10,000.

SWALI: Vijiti vyenyewe viko wapi leo? – Msomaji, Muscat

JIBU: Vichache vimo makumbusho. Vilivyobaki hazina viliamriwa kuteketezwa tarehe 16 Oktoba 1834 katika matanuru yaliyokuwa chini ya ukumbi wa Malordi, baraza la juu la Bunge. Wafanyakazi walishindilia mno, na kabla ya usiku kucha sehemu kubwa ya jengo la Bunge ikawa majivu pamoja navyo.