Vistari Nyuma ya Daftari la Madeni

Nauza vitenge Busia, upande wa Uganda, na mwaka juzi kwa miezi minne nilivaa vyeusi tu. Si msiba. Nilikuwa natokwa damu, na kila nikiinuka kwenye kigoda nageuka kwanza kutazama nilipokalia.

Sikuogopa, na hapo ndipo nilipokosea. Zamani nilipokuwa nachoma sindano ya uzazi wa mpango, ile ya miezi mitatu, damu ilinichezea hivyo hivyo: matone leo, kesho kimya, kisha wiki nzima. Nesi alisema ndiyo kawaida yake, hata vijiti hufanya hivyo, na kweli ikatulia. Basi safari hii nikajitibu kwa kumbukumbu. Wa duka la dawa naye akaniuzia vidonge bila kuniuliza kama nina mimba.

Dada, swali hilo ndilo la kwanza. Kama bado unapata hedhi, ukatokwa damu usiyoielewa, pima mimba. Mimba ikiharibika hutoa damu. Iliyotunga nje ya kizazi yaweza kutoa matone machache tu huku mrija ukipasuka na damu ikimwagikia tumboni. Tumbo la chini likikukata upande mmoja, ukasikia kizunguzungu au bega linauma, usingoje kuche. Panda boda.

Mimi sikuwa na mimba. Kilichonisaidia kituoni ni daftari langu la madeni. Nyuma yake nilikuwa nachora kistari kila nikibadili pedi, kwa uchungu wa pesa tu. Nesi akahesabu kwa ncha ya kalamu: siku 11, na siku moja ina vistari 14. "Mama, hedhi haifai kupita siku nane." Akanivuta kope ya chini, ndani palikuwa peupe. Kipimo cha wingi wa damu kikasoma 7, na mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe na 12 au zaidi. Skani ikaonyesha uvimbe kwenye kizazi, fibroidi, ambao si saratani lakini ulikuwa unaninyonya.

Halafu senga wangu, shangazi aliyenifundisha mambo ya hedhi nikiwa binti. Miaka sita baada ya kukoma, akaona damu. Akacheka: "Ujana umenirudia!" Nilimburuta mwenyewe hospitali. Damu baada ya kukoma hedhi, hata tone, ni ya kupimwa. Inayotoka baada ya tendo la ndoa vilevile: yaweza kuwa maambukizi, yaweza kuwa saratani ya shingo ya kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Uganda. Hiyo nayo usiingoje mpaka damu, maana kuna kipimo cha siki, inapakwa kwenye shingo ya kizazi, dakika chache tu, na wanaoishi na virusi vya UKIMWI wanahitaji kupimwa mara nyingi zaidi.

Cha senga kilikuwa kinyama ndani ya kizazi. Kikatolewa, maabara wakasema si saratani. Siku hizi akifika kibandani kwangu hufungua daftari kwa nyuma kabla hata hajanisalimia.