Usiizime hiyo taa: kwa anayetaka kununua Volvo iliyotumika

Fundi aliinama dirishani kwangu akiwa bado ameshika mashine yake ya kupimia, akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, hii taa inakusumbua bure. Injini haina shida, gari inatembea. Niizime tu uende zako." Ilikuwa jua la saa nane, Kinondoni, watoto wawili nyuma wameshachoka kugombana, nami nilibakiza kidogo nimwambie azime.

Taa yenyewe ni ile nyekundu yenye mtu aliyekaa na duara mbele ya kifua chake, taa ya mifuko ya hewa (airbag). Gari ni Volvo, lilikuja kutoka Uingereza likiwa limeshatumika, na nililinunua kwa sababu moja tu: nilikuwa nimesoma habari za usalama wake nikaridhika kwamba ndimo nitakamopakia watoto wangu.

Kilichonizuia ni kumbukumbu ya gari letu la kwanza. Chapa yake siitaji, maana kosa halikuwa la kiwanda. Tulilinunua mkononi mwa mtu, limepakwa rangi vizuri, linang'aa. Tukaliendesha miaka miwili. Siku honi ilipoharibika, fundi akafungua usukani na kunionyesha: ndani hamna kitu. Mfuko wa hewa ulishafumuka kwenye ajali ambayo hatukuwahi kuambiwa, na mtu akarudisha kifuniko juu ya tundu tupu. Alipoitoa dashibodi, tukakuta nyuma ya alama ya ile taa kumebandikwa kipande cha utepe mweusi, kimekatwa kwa mkasi, saizi ya ukucha wa kidole kidogo. Kwa miaka miwili nilikuwa nikiwapeleka wanangu shule nyuma ya utepe ule.

Kwa hiyo siku ile Kinondoni nikamjibu, "Hapana fundi. Tafuta kinachoiwasha." Hakukasirika. Alichomoa betri kwanza, tukasubiri kama dakika kumi umeme uishe kwenye mfumo, halafu akalala sakafuni na tochi. Chini ya kiti changu kulikuwa na plagi ya rangi ya njano. Mwanangu aliyekaa nyuma yangu alikuwa na tabia ya kuchomeka mguu pale, na juisi yake moja ilishawahi kumwagikia hapo hapo. Plagi ilikuwa imelegea, na pini yake moja imeota kutu ya kijani. Fundi aliisafisha, akaikandamiza hadi ikalia, akarudisha betri na kufuta kosa kwenye kompyuta. Taa ikazimika kwa haki. Gharama yake haikufika hata ya tairi moja.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kila wiki kuna mtu ananiuliza: "Volvo ni salama kweli, au ni jina tu? Mbona wenye nazo wanalalamika?" Yote mawili ni kweli, na ukitazama kwa makini utaona yametoka shina moja.

Jina lile halikupatikana kwa matangazo. Kampuni ilianza Gothenburg, Uswidi, mwaka 1927. Mwaka 1958 mkuu wake, Gunnar Engellau, alimwajiri mhandisi Nils Bohlin kutoka kampuni ya Saab, ambako kazi yake ilikuwa viti vinavyomrusha rubani nje ya ndege inayoanguka. Huyu alikuwa mtu anayejua mwili wa binadamu unavyopokea kishindo. Mikanda mingi ya wakati ule ilikuwa ya kiunoni, na mingine kifungo chake kilikaa juu ya tumbo, mahali ambapo gari likigonga kinaweza kumuumiza yule yule kinayetakiwa kumlinda. Bohlin akaushika mwili mahali palipo na mifupa yenye nguvu: utepe mmoja juu ya kifua, mwingine juu ya nyonga, vyote vinakutana chini pembeni ya kiti, na unaufunga kwa mkono mmoja. Mwaka 1959 mkanda huo ulianza kuwekwa kwenye magari ya PV544 na Amazon.

Halafu wakafanya jambo ambalo mimi ndilo linalonifanya niwaheshimu hadi leo. Walikuwa na hataza ya mkanda ule, yaani haki ya kuumiliki kama uvumbuzi wao, wangeweza kutoza kila kiwanda duniani, lakini wakaiacha wazi wengine wautumie. Kwa hiyo hata wewe mwenye Toyota au Nissan, mkanda ulio begani kwako ni ule ule wa Bohlin. Mwaka 1967 wakatoa utafiti wa ajali zaidi ya 28,000 zilizotokea Uswidi, ukionyesha jinsi mkanda unavyookoa watu, na tangu mwaka 1970 wana kikosi chao kinachokwenda kwenye ajali halisi barabarani, kinapima gari lilivyokunjika na nani aliumia wapi. Mwaka 1972 wakaleta kiti cha mtoto kinachotazama nyuma. Mwaka 1991 ukaja mfumo wa kuzuia kishindo cha ubavuni, mwaka 1998 pazia la hewa linaloshuka dirishani kulinda kichwa, na mwaka 2008, kwenye gari lao la XC60, breki zinazojifunga zenyewe ukitaka kumgonga aliye mbele mjini.

Sasa hebu tazama safari hiyo. Mkanda wa mwaka 1959 hauna waya hata mmoja. Pazia la hewa linahitaji vihisio vya kutambua kishindo, kompyuta ya kuamua, waya wa kupeleka amri na plagi kila linapounganishwa. Breki inayojifunga inahitaji jicho linalotazama mbele muda wote. Kila kinga mpya imekuja na vitu vinavyoweza kulegea, kuota kutu kwa unyevu wa pwani, au kukorofishwa na betri iliyochoka. Ile taa "inayosumbua" ndiyo usalama wenyewe unaokwambia hauko tayari. Ukiizima, umebaki na jina la Volvo kwenye grili na si zaidi.

Malalamiko mengine hayahusiani na usalama, na siwezi kuyaficha eti kwa kuwa ninaipenda chapa. Magari ya kati ya mwaka 1999 na 2002 yalisumbua sana kwa kifaa cha umeme kinachodhibiti hewa inayoingia kwenye injini, hadi Marekani kampuni ikalazimika kurefusha dhamana ya kifaa hicho. XC90 za mwanzo zenye injini ya T6 zilipata sifa mbaya ya kufa giaboksi. Injini za mwanzo za familia ya Drive-E, za silinda nne, wamiliki wengi wamelalamika kwamba zinakula oili. Na hizi mpya za umeme, EX30 na EX90, kilio kikubwa ni programu: skrini inaganda, kitu kilichofanya kazi jana leo hakifanyi.

Lakini linalomhusu mnunuzi wa kwetu zaidi ni zile injini za silinda tano, kwa kuwa ndizo zipo kwenye nyingi zinazoshuka bandarini zikiwa na umri. Zina njia ya kupumulia mvuke wa oili, na njia hiyo huziba kwa tope jeusi, hasa kama mwenye gari alikuwa akichelewesha kubadilisha oili. Ikiziba, presha inapanda ndani ya injini na kuanza kusukuma oili kwenye sili. Kuna kipimo cha bei ya glovu moja ya mpira, na nakuomba ukifanye kabla ya kulipa. Injini ikiwa imewaka na imetulia, fungua kifuniko cha kutilia oili, vika glovu juu ya tundu lake. Ikilala au ikivutwa ndani kidogo, sawa. Ikivimba ikasimama vidole juu kama mtu anayekuaga, njia imeziba, na muuzaji ashushe bei au akae na gari lake. Mimi nimeondoka kwenye yadi mbili kwa ajili ya glovu hiyo.

Injini hizo hizo za silinda tano nyingi zina mkanda wa taimingi, ule unaoongoza valvu ndani ya injini, siyo cheni. Ukikatika ukiwa njiani, valvu zinagongana na pistoni na umeua injini. Omba risiti ya lini ulibadilishwa. Muuzaji akisema "ulibadilishwa huko huko Ulaya" bila karatasi, hesabu kwamba haujabadilishwa, ubadilishe pamoja na pampu ya maji wiki ya kwanza. Na kwenye rejeta usikubali maji ya bomba eti kwa sababu Dar hakuna barafu. Kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, inazuia kutu ndani ya injini, barafu au bila barafu.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Mwezi Julai 2020 Volvo yenyewe iliita magari zaidi ya milioni 2 duniani yarudi kukaguliwa, aina kama S60, V60, V70, S80 na XC60 yaliyotengenezwa kati ya mwaka 2006 na 2019. Shida ilikuwa kamba ya chuma inayoshikilia mkanda wa viti vya mbele: inaweza kuchoka kwa kukunjwakunjwa, na mkanda usikushike inavyotakiwa. Kampuni iliyoupa ulimwengu mkanda, ikaita magari kwa ajili ya mkanda. Wapo waliocheka. Mimi nilichofanya ni kuingia chini ya kiti na tochi nikaitazama kamba yangu, kisha nikaitafuta namba ya chesisi.

Fikiria wito kama huo unavyosafiri. Barua inatumwa kwa mmiliki aliyeandikishwa Uingereza au popote gari lilipokuwa. Gari likishapakiwa melini, barua hailifuati. Wewe uliyelinunua Dar au Mombasa hakuna anayekujua. Kwa hiyo chukua namba ya chesisi, ile yenye tarakimu na herufi 17, iingize kwenye ukurasa wa kampuni wa magari yaliyoitwa, au mpelekee wakala wake akusomee. Hili fanya hata kama unanunua gari la Kijapani. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Kijapani ya Takata, iliyoitwa kwa mamilioni duniani na kuifilisi kampuni hiyo mwaka 2017, ilikuwa na baruti inayoharibika zaidi kwenye joto na unyevunyevu kwa miaka mingi, na inapofumuka inaweza kurusha vipande vya chuma. Joto na unyevunyevu ndiyo hewa yetu ya kila siku huku pwani.

Unapokagua gari, mwambie muuzaji akuachie ufunguo. Washa switchi bila kuwasha injini, usitazame kitu kingine, tazama ile taa ya mifuko ya hewa. Inatakiwa iwake sekunde chache kisha izimike. Ikibaki imewaka, kuna kosa. Isipowaka kabisa, hiyo ndiyo mbaya zaidi, ondoka. Halafu vuta kila mkanda, wa mbele na wa nyuma, hadi mwisho wake, uuchunguze utepe kwenye mwanga. Mkanda uliowahi kumshika mtu kwenye ajali mara nyingi huacha alama: nyuzi zimesuguliwa zikang'aa, au zimetoka manyoya pale ulipopita kwenye kifungo. Uvute kwa ghafla kama unayeunyang'anya, unatakiwa ukatae.

Kuhusu pesa nitasema kwa kifupi na kwa uwazi. Kama fedha yote uliyonayo inaishia kwenye kulinunua na kulilipia ushuru, usinunue Volvo. Spea zake kwenye maduka ya Gerezani, Dar, zipo chache, nyingine utaagiza na kusubiri, na si kila fundi ana kompyuta inayoongea nalo vizuri. Utafika mahali utaanza kuzima taa, na hapo ungekuwa salama zaidi kwenye gari rahisi ambalo unaweza kulitunza lote. Mdogo wangu alipokuja kuniuliza, nilimwambia anunue gari dogo la Kijapani lenye mifuko yake ya hewa kamili na mikanda yote mitano inayofanya kazi. Alitegemea nimsifie Volvo. Nilimpenda vya kutosha kutomsifia.

Mikanda yote mitano, nasema, kwa sababu ya Mlandizi. Tulikuwa tunarudi kutoka Morogoro, bodaboda akakata barabara mbele yetu, nikakanyaga breki. Hatukumgonga. Sisi wa mbele na watoto tulibaki mahali petu. Shemeji yangu aliyekaa katikati nyuma, ambaye alikataa mkanda kwa kuwa "nyuma hakuna trafiki", alikuja mzima mzima katikati ya viti viwili, akagonga uso kwenye kisanduku cha kuwekea mikono. Jino la mbele likaenda. Gari halikuguswa popote, halina hata mkwaruzo. Kwa breki tu.

Na mtoto mdogo, tafadhali, mkalishe atazame nyuma kwa muda mrefu kuliko unavyodhani. Waswidi huwaacha hivyo hadi miaka minne. Kichwa cha mtoto ni kizito kulinganisha na mwili wake, na shingo bado laini. Akitazama mbele, gari likigonga kichwa kinarushwa na shingo inabeba mzigo wote. Akitazama nyuma, mgongo mzima wa kiti unampokea. Miguu kukunjwa si tatizo, watoto wanapenda kukaa hivyo. Kiti chake kisiwekwe mbele palipo na mfuko wa hewa unaofanya kazi. Wa kwangu wa mwisho tulimgeuza akiwa amekaribia miaka minne, na siku ya kwanza alilia, akasema haoni tena magari yanayotufuata.