Z80 ya NMOS na ya CMOS hazifanani kwa ED 71

Programu yako inakwenda vizuri kwenye Z80 (prosesa ya kampuni ya Zilog) ya zamani ila inavurugika kwenye mpya? Tafuta baiti ED 71 (kwa heksadesimali) ndani yake. Amri hiyo haikuwemo kwenye mwongozo wa Zilog, lakini chipu huitekeleza, na matokeo hutegemea teknolojia iliyotumika kuitengeneza, NMOS au CMOS: Z80 ya NMOS, ile iliyotoka 1976, hupeleka 0 kwenye poti; ya CMOS hupeleka 255. Usiitumie kabisa. Weka 0 kwenye rejista B, kisha andika OUT (C),B, yaani ED 41, ambayo ni rasmi.

Amri za IXH na IXL (nusu mbili za rejista IX), ambazo pia si rasmi, zisikusumbue, Z80 za aina zote mbili huzikubali. Ila ukihamia HD64180 ya Hitachi, prosesa inayotumia amri za Z80, nazo zitakataliwa: chipu hiyo hunasa kila amri isiyo rasmi na kurukia anwani 0.