Seli ya kinga inapoamka: majibu kwa wasomaji

Nilipougua dengi, mtu wa maabara aliniambia seli zangu nyeupe "zimeamka". Je, jeni zangu zimebadilika? (Mama, Kisauni)

Hapana mama, ondoa wasiwasi. Jeni zako ni zile zile, kama 20,000 zenye maelekezo ya kutengeneza protini. Kinachobadilika ni zipi zinazosomwa. Limfosaiti, aina ya seli nyeupe ya kinga, ikiwa imetulia ni ndogo, karibu sawa na seli nyekundu, kiini kimeijaza na ute unaokizunguka umebaki ukingo mwembamba tu. Kwenye slaidi, kioo chenye tone la damu, ya mgonjwa wa dengi nakutana na nyingine kabisa: imetanuka, kingo zake zimezikumbatia seli nyekundu za jirani, na ute umekolea buluu. Buluu hiyo ni RNA, nakala za jeni na vifaa vya kuundia protini, iliyojaa tele ikishika rangi, dalili kwamba seli inaunda protini kwa kasi. Kila nikiiona husita kidogo kabla ya kusogeza slaidi. Ni mwili wa mtu unapigana mbele ya macho yangu.

Seli kuamka huchukua muda gani? (Mwanafunzi, Likoni)

Chukua seli T, aina moja ya limfosaiti: ikiamshwa, kalsiamu hupanda ndani yake kwa dakika chache. Protini iitwayo NFAT, iliyokuwa nje ya kiini, huingia ndani. Saa ya kwanza haijesha, jeni kama FOS na MYC zishaanza kusomwa. Saa chache baadaye hufuata jeni ya intaliukini-2, protini inayohimiza seli kuongezeka. Kugawanyika kwa kwanza huchukua kama siku nzima. Na usisahau upande wa pili: kuna jeni zinazozimwa, mfano KLF2, ambayo huiwezesha seli kuzunguka mwilini. Ikipungua, seli hubaki kwenye tezi za limfu ikafanya kazi.

Baba alipandikizwa figo na anameza takrolimasi. Inafanya nini? (Changamwe)

Dawa hii huzuia kalsinurini, kimeng'enya kinachoipa NFAT ruhusa ya kuingia kiinini. Jeni ya intaliukini-2 hukosa msomaji, seli T haziongezeki kuishambulia figo ngeni, na figo husalimika. Ndiyo maana dozi hairukwi. Lakini kinga yake imelegea, kwa hiyo akipata homa msingoje kesho.

Natumia ARV na virusi havionekani tena. Mbona nisiache? (Dada, Mji wa Kale)

Hongera dada, na nakwambia kwa moyo wote: usiache. Virusi hivi, VVU, huchomeka jeni zake ndani ya DNA ya seli zako. Vingine hujificha katika seli T za kumbukumbu, zile zinazokumbuka maradhi ya zamani, zilizolala, ambamo havisomwi, na dawa haivifikii. Siku seli hiyo ikiamka, NF-kappa B, protini inayowasha jeni za kinga, huiwasha na swichi ya virusi, maana virusi vimebeba sehemu ya kuishika. Bila dawa, kwa watu wengi hurudi katika wiki chache. Ukiendelea kumeza na vikabaki havionekani, humwambukizi mwenzio kwa ngono. Vidonge vikikuchosha, mwambie anayekuhudumia kliniki kabla hujakatiza.