Madirisha ya nyumba ya Tabora

Ndugu yangu, umeuliza kama ulipie madirisha ya vioo viwili (vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine, na nafasi katikati) ili nyumba yako ya Ipuli isiwe tanuri mwezi wa kumi. Kama hufungi AC, hela hiyo iache. Vioo viwili husaidia chumba kikifungwa. Wewe unataka upepo upite. Aluminiamu ya kusukuma, kipenzi cha mafundi, hufunguka nusu tu. Agiza ya bawaba, inafunguka yote (mwambie fundi mapema, nondo itabidi zikae ndani), na weka dirisha jingine ukuta wa pili. Magharibi punguza madirisha: jua la saa kumi na moja huingia limelala, hata upenu mrefu haulizuii. Nyavu za mbu ziwe za kutoa, uzioshe vumbi la kiangazi.